Theluji Juu ya Keria: Kazi ya Nani, Mume au Mke?

Safu yetu ya kila mwezi ni mahali tunapozungumzia vile vitu ambavyo wawili wanaopendana hununua pamoja kwa furaha, halafu baada ya miezi michache vinageuka kuwa chanzo cha maneno ndani ya nyumba. Inaweza kuwa kiwanja, gari la mkopo, au hata sofa. Mwezi huu ni keria ya gari, na adui yake ni theluji!

Barua imetoka kwa msomaji wetu, dada wa Kitanzania anayeishi na mumewe karibu na jiji la Munich, kusini mwa Ujerumani. Yeye ni muuguzi, mumewe anafanya kazi ghalani. Walichanga fedha kwa muda mrefu wakanunua kombi iliyotumika, Volkswagen aina ya T5, iliyotengenezwa ndani iwe na kitanda, jiko dogo na kabati za nguo. Yaani gari na chumba cha kulala kwa pamoja. Juu yake kuna keria, na juu ya keria kuna paneli ya sola. Kiangazi chote walikuwa kama maharusi wapya, wikiendi hii ziwani, wikiendi ijayo milimani. Baridi ilipoingia, mapenzi yakaanza kupata nyufa.

Dada anataka keria ivuliwe na kuwekwa ndani mpaka baridi iishe. Mume anasema huo ni usumbufu wa bure, chuma kimetengenezwa kubeba mizigo na theluji ni maji tu, itayeyuka yenyewe. Kwa kuwa mume anatoka saa kumi alfajiri kwa treni na dada ndiye anayeitumia kombi kwenda kazini, kila theluji inapoanguka anayepanda ngazi kuikwangua ni dada, peke yake, gizani. Anauliza: "Mhariri, nani ana haki hapa? Au mimi ndiye mwenye makelele?"

Najua wapo watakaosema, jamani Mhariri, sisi huku theluji tunaiona kwenye friza, ya nini kutuletea habari hizi? Ni kweli. Huku kwetu keria inabeba magodoro, mikungu ya ndizi na mabegi ya watu wanaokwenda kwao Krismasi, na ikishafungwa juu ya gari haishuki mpaka gari liuzwe. Lakini ndugu zetu wako Oslo, Minneapolis na Toronto, na wengi wao wameanza kupenda haya magari ya kulala safarini. Tena suala lenyewe ni letu sote. Kitu kilichonunuliwa na wawili kitatunzwa na nani?

Tuanze na keria yenyewe, maana huwezi kuamua ugomvi wa watu bila kujua wanachogombania.

Theluji ina uzito kuliko unavyodhani

Ukiiona theluji kwenye picha unaona kama pamba. Mkononi ni laini, ukiipuliza inaruka. Ila pamba ikilowa ni mzigo, na theluji ni hivyohivyo.

Theluji kavu iliyoanguka sasa hivi, ikijaa kina cha sentimeta 10 kwenye eneo la mita moja ya mraba, huwa na uzito wa kilo kama 10, wakati mwingine hata chini ya hapo. Ikiwa imeshiba maji, kina hichohicho kinaweza kufika kilo 30 hadi 40. Ikigeuka kuwa barafu ngumu inakaribia kilo 90. Sasa chukua kalamu. Paa la kombi ya kawaida tuliweke mita za mraba 5. Theluji kavu ya sentimeta 30 ni kilo 150. Theluji ya kina hichohicho yenye maji ni kilo 450 hadi 600. Hiyo ni familia nzima imekaa juu ya paa lako, na mashemeji!

Na usidhani sentimeta 30 ni hadithi za watu wa milimani. Tarehe 2 Desemba 2023 jiji la Munich lilifunikwa na theluji ya zaidi ya sentimeta 40, uwanja wa ndege ukafungwa na treni zikasimama. Mwezi Januari 2019, wilaya kadhaa za kusini mwa Bavaria zilitangaza hali ya maafa kwa sababu ya theluji, na wanajeshi wakapelekwa na masepetu kuikwangua kwenye mapaa ya majengo. Kama paa la jengo linaitiwa jeshi, paa la kombi yako litajitetea vipi?

Hapa naomba nimtendee haki shemeji yetu. Volkswagen inaruhusu kilo 150 juu ya paa la kawaida la T5, keria yenyewe ikiwa ndani ya hesabu, lakini kipimo hicho ni cha gari likiwa linatembea. Gari likiwa limesimama paa linahimili zaidi, ndiyo maana kuna watu wanafunga hema juu ya keria na kulala humo wawili bila wasiwasi. Kwa hiyo shemeji anaposema keria haitavunjika kwa theluji ya usiku mmoja, hajakosea sana. Ila hesabu inabadilika mara tu ufunguo unapowashwa. Gari likikata kona au likifunga breki ghafla, ule mzigo wote unataka kuendelea na safari yake, na kilichoushikilia ni bolti chache.

Na kama paa lako ni lile la kunyanyuka juu ili mpate nafasi ya kusimama au kitanda cha pili, kipimo chake huwa ni kidogo zaidi. Fungua kitabu cha gari, usimsikilize jirani. Halafu usijaribu kulinyanyua likiwa na theluji juu yake, maana zile fimbo za gesi zinazolisukuma hazikutengenezwa kwa mzigo huo.

Kinachokufa si chuma

Wengi wetu tunaangalia zile nguzo nene za keria tunasema, hii haina shida. Ukweli ni kwamba baridi haianzi na kitu kinene. Inaanza na vile vidogo ambavyo huvioni.

Kwanza ni maji. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9. Nguzo nyingi za keria ni mabomba matupu yenye vifuniko vya plastiki mwishoni. Theluji inayeyuka mchana, maji yanapenya kwenye bomba na kwenye matundu ya bolti, usiku yanaganda na kusukuma. Kesho yake yanayeyuka, usiku yanasukuma tena. Baada ya miezi mitatu ya mchezo huo, kifuniko kimepasuka, mpira wa kuzuia maji umeinuka, na siku moja ya Machi unakuta godoro la kombi lina unyevu na harufu ya ukungu. Hapo ndipo mnaanza kuulizana nani aliacha dirisha wazi!

Pili ni chumvi. Barabara za Ujerumani na nchi nyingine za baridi humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na malori yanairusha hewani kama manyunyu mpaka kwenye mapaa ya magari mengine. Chuma chenye mkwaruzo kinashika kutu hapohapo. Keria ya aluminiamu nayo haijapona. Aluminiamu ikigusana na bolti ya chuma kisichoshika kutu, katikati kukiwa na maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka bolti, na ukija kufungua haifunguki.

Tatu ni vile mlivyopachika juu. Paneli ya sola ina kioo. Kuna dirisha la paani, ambalo mara nyingi ni la plastiki. Kuna turubai la kivuli lililokunjwa pembeni. Keria inatengeneza vyumba vidogo ambamo theluji inakaa bila kupeperushwa na upepo, na joto linalotoka ndani ya gari linaiyeyusha kwa chini. Usiku inaganda tena, safari hii ikiwa imekumbatia miguu ya keria. Ndiyo sababu gari lenye keria hubaki na barafu siku nyingi wakati la jirani lisilo na keria limeshakauka.

Dawa ya kwanza: ivue

Kama keria yenu inafunguka kwa spana, dawa bora ni kuivua kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Si kazi ya siku nzima, ila ina utaratibu wake.

1. Pigeni picha kabla hamjagusa kitu, kila mguu na kila bolti. Mwezi wa nne hamtakumbuka ipi ilikuwa mbele na ipi nyuma, na hapo ndipo mnapoanza kusema "nilikwambia".

2. Kama kuna paneli ya sola, ifunikeni kwa blanketi zito kwanza, kisha tenganisheni waya wa paneli kabla ya kugusa waya wa betri. Plagi zilizobaki juu ya paa zizibwe maji yasiingie. Kama hamjui waya upi ni upi, muiteni fundi.

3. Bolti, nati na washa za kila mguu ziwekwe kwenye mfuko wake na kuandikwa jina. Mifuko yote ifungwe kwenye keria yenyewe, si kwenye droo ya jikoni pamoja na betri za rimoti.

4. Matundu yaliyobaki kwenye paa msiyaache wazi. Zibeni kwa vifuniko vyake au rudisheni bolti zikiwa zimepakwa grisi. Tundu lililoachwa wazi ni baya kuliko keria iliyoachwa juu.

5. Osheni keria kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke kabisa, kila mkwaruzo upakwe rangi. Kisha itundikeni ukutani kwenye chumba cha chini cha jengo, kile cha stoo ambacho wapangaji wengi kule wanapewa. Najua stoo hiyo tayari ina kigari cha mtoto, masanduku na sufuria za pilau. Ukutani bado kuna nafasi!

Kuna faida nyingine ya kuivua ambayo shemeji ataipenda, kwa kuwa inagusa mfuko. Keria inakamata upepo. Utafiti wa mwaka 2016 uliohusisha maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani ulionyesha kuwa keria inaweza kuongeza matumizi ya mafuta mpaka asilimia 25, kutegemeana na gari, mwendo na kilichopachikwa juu. Dada anaendesha kwenda kazini kila siku na keria tupu ya kubebea theluji. Hizo fedha zingelipa wikiendi moja ya ziwani.

Kama haivuliki

Zipo keria zilizobandikwa au kuunganishwa na paa moja kwa moja, na zipo familia zinazoihitaji hata baridi kwa ajili ya ski au sanduku la mizigo. Hamjapotea.

Kabla ya baridi, bolti moja moja ifunguliwe, isafishwe, ipakwe grisi ya kuzuia kung'ang'ania, na irudishwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Kati ya chuma na aluminiamu wekeni washa ya nailoni ili yasigusane. Mipira yote ya paa na madirisha ipakwe silikoni ya mipira, msitumie grisi ya gari maana inailegeza. Nguzo zipakwe nta ya magari, theluji itateleza badala ya kushikana.

Kuhusu kufunika, hapa watu wengi wanapotea. Wananunua turubai la nailoni la bei rahisi, wanalifunga kwa kamba, wanaenda kulala. Turubai hilo halipumui. Unyevu unabaki chini yake, na upepo ukilipigapiga linakwangua rangi kama msasa. Tafuteni kifuniko cha gari chenye kitambaa kinachopumua, kinacholingana na ukubwa wa kombi pamoja na keria. Kabla hamjakivika, kila kona ya keria ivishwe taulo kuukuu au kipande cha sponji, la sivyo itakitoboa usiku wa kwanza. Na kifuniko hakizuii uzito, theluji bado itatakiwa kuondolewa.

Sehemu ya kuegesha nayo ni nusu ya kinga. Banda likiwepo, hakuna mjadala, ila pimeni kwanza kama kombi na keria yake vinapita. Kama hakuna, kaeni mbali na matawi ya miti na mbali na ukingo wa paa la nyumba. Ujerumani utaona vibao vimeandikwa Dachlawine, yaani theluji ya paani inaweza kuporomoka. Hicho kibao hakijawekwa kama pambo. Theluji ya paa zima la nyumba ikishuka juu ya keria yako kwa mpigo mmoja, hizo hesabu zetu za kilo zote zisahau.

Tena kwa wanaoishi Ujerumani kuna njia nyingine, namba ya msimu. Unaandikisha gari kwa miezi unayolitumia tu, kwa mfano mwezi wa 4 mpaka wa 10, na kodi na bima unalipia miezi hiyo. Miezi iliyobaki gari haliruhusiwi kuendeshwa wala kuegeshwa barabarani, lazima likae kwenye eneo la binafsi. Kwa dada yetu huyu haitamfaa kwa sababu kombi ndiyo usafiri wake, ila kwa wenye gari la pili ni jambo la kufikiria.

Ukiamka umekuta imeshajaa

Msiisubiri iyeyuke. Theluji ya leo ni laini, ya keshokutwa ni barafu, na barafu huwezi kuiondoa bila kuumiza kitu.

Tumieni fagio laini lenye mpini mrefu, au ile reki ya theluji yenye kichwa cha sponji. Simameni chini, mkianza na kingo kuelekea katikati, theluji ivutwe upande ambao hayupo mtu. Msitumie sepetu la chuma. Msimwage maji ya moto, kioo cha sola na plastiki ya dirisha la paani vinaweza kupasuka, na maji hayohayo yataganda kwenye bolti dakika kumi baadaye. Msimwage chumvi juu ya paa, mtakuwa mmemkaribisha mwizi ndani. Na msiwashe injini muiache ikinguruma robo saa nzima wakati mnakwangua. Ujerumani kuwasha injini bila sababu gari likiwa limesimama ni kosa.

Ngazi iwe ya mwisho kabisa, na iwe ya watu wawili, mmoja anapanda na mwingine ameishika. Hakuna mtu kukanyaga paa lenye barafu. Nitarudi kwenye ngazi hii.

Mtu aliye nyuma yenu

Hapa ndipo ninapotaka kila mmoja anisikilize, hata wewe ambaye huna kombi lakini unaendesha gari dogo nchi za baridi.

Theluji uliyoiacha juu ya keria haina nia ya kukaa hapo. Ukifunga breki inateleza mbele na kukufunika kioo, ghafla huoni kitu. Ukiongeza mwendo kwenye barabara kuu, joto la ndani limeshalegeza barafu kwa chini, upepo unaingia chini yake, na bamba zima linaruka kama mlango uliong'olewa. Linatua kwenye kioo cha gari lililo nyuma yako. Ndani yake yupo mke wa mtu au baba wa watoto.

Si maneno ya kutisha watoto. Mwaka 1996, katika jimbo la New Hampshire huko Marekani, binti wa miaka 20 alipoteza maisha katika ajali iliyotokana na bamba la barafu lililoruka kutoka kwenye lori. Mwaka 2002 jimbo hilo likapitisha sheria ya uzembe barabarani iliyopewa jina la binti huyo, na mpaka leo madereva wa huko wanakumbushwa habari zake kila theluji inapoanguka. New Jersey nayo tangu mwaka 2010 inamtaka dereva aondoe theluji na barafu kwenye gari lote, paa likiwemo. Ukikamatwa nayo tu, hata kama haijamdhuru mtu, faini ni Dola 25 hadi 75. Ikimuumiza mtu au kuharibu mali, inapanda mpaka Dola 1,000. Ujerumani, kuendesha na theluji juu ya paa faini yake inaanzia Euro 25, na inaongezeka ukihatarisha wengine.

Faini unalipa, inaisha. Lakini utamwambia nini yule mtu wa nyuma? Kwamba ulikuwa umechelewa kazini?

Kama mnalala ndani ya kombi

Wapo wapenzi wanaopenda kulala kwenye kombi hata baridi, wajifunike blanketi moja waangalie theluji ikianguka. Ni raha, siwakatazi. Ila raha hiyo ina mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni hewa. Theluji inayoteremka kutoka kwenye keria inaweza kuziba ekzosi ya gari, bomba la kutolea moshi wa hita, au matundu ya kupitishia hewa. Moshi ukikosa pa kutokea unarudi ndani, na gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Mtu anasinzia tu na haamki. Kila kabla ya kuwasha hita, mmoja wenu azunguke gari zima akiwa na tochi aone matundu yote yako wazi, na usiku theluji ikiendelea kuanguka azunguke tena. Kinasa gesi cha kutundika ndani ni bei ndogo kuliko chakula cha jioni hotelini. Nunueni.

La pili ni betri. Sola iliyofunikwa na theluji haichaji, na hita inaendelea kunywa umeme. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ikiwa imejaa inavumilia baridi kali sana bila kuganda, lakini ikiwa tupu inaweza kuganda kwenye nyuzijoto kama 7 hadi 10 chini ya sifuri, na ikiganda mara nyingi huwa ndiyo mwisho wake. Kwa hiyo kufagia theluji kwenye sola pia ni kulinda betri.

Sasa, nani afanye?

Dada yangu wa Munich, umeniuliza nani ana haki. Kwenye keria, mumeo ana haki kidogo na wewe una haki zaidi. Chuma hakitakatika usiku mmoja, hilo amesema kweli. Lakini mipira na bolti, mafuta, betri na yule mtu wa nyuma vinakubaliana na wewe. Keria ishuke.

Ila nikikuambia ugomvi wenu ni wa keria nitakuwa nakudanganya. Umeandika mstari mmoja umeupita haraka, kwamba unapanda ngazi peke yako, gizani, kabla ya zamu. Mstari huo ndio uliokufanya uandike barua. Ngazi juu ya barafu, mtu hayupo wa kuishika, na mwenye nyumba yuko kwenye treni akiamini kwamba theluji itayeyuka yenyewe. Wewe ni muuguzi, umeshawaona wodini walioteleza hatua mbili tu. Unachomlilia mwenzako ni aone hatari uliyoibeba kwa niaba ya wote wawili.

Shemeji, na wewe nikuombe kwa heshima zote. Najua unaamka usiku wa manane, najua kazi ya ghala si mchezo, na ukirudi unataka kupumzika. Hakuna anayesema wewe ni mvivu. Lakini ukisema "iache tu", kuna mtu lazima aishughulikie asubuhi, na mtu huyo si wewe. Kabla ya kusema jambo fulani ni dogo, angalia kwanza nani analibeba. Saa mbili za Jumamosi moja ya Oktoba, wewe na mkeo na spana, zitamwondolea ngazi ya miezi minne. Mahari ulishatoa, hii ni nyongeza ndogo!

Na wewe dada, mwambie. Wengi wetu akina mama tuna tabia ya kununa, tunakwangua theluji kwa hasira, tunapiga mlango, tukitegemea mwenzetu atajua. Hajui. Mwambie siku ambayo hakuna theluji, mkiwa mmekula na kushiba: "Mume wangu, mimi naogopa kuanguka." Maneno hayo hayana ubishi ndani yake. Habari ya aluminiamu kuliwa na chumvi mtabishana mpaka Pasaka.

Ushauri wangu kwa wote wenye kombi, muifunge kazi hii na ile ambayo tayari mnaifanya. Wajerumani wana usemi wao wa matairi ya baridi, kwamba yanakaa kuanzia Oktoba mpaka Pasaka. Basi siku ya kubadilisha matairi iwe ndiyo siku ya keria. Matairi ya baridi yakiingia, keria inashuka, matairi ya kiangazi yakirudi, keria inapanda. Gawaneni waziwazi: mmoja apige picha na kufunga mifuko ya bolti, mwingine ashike spana, kushusha mshushe wote kwa sababu keria ni ndefu na mtu mmoja ataikwaruza kwenye paa. Na asubuhi za theluji, anayewahi kuondoka apitishe fagio mara moja hata kama gari si lake siku hiyo. Dakika tano za fagio la mwenzako ni salamu nzuri kuliko ujumbe wa simu wenye maua kumi.

Mkiirudisha mwezi wa nne, kazeni bolti kwa kipimo cha kitabu, endesheni mwendo mfupi, simameni, mkaze tena. Halafu nendeni ziwani. Hiyo ndiyo mliyoinunulia.

Haya wapenzi wasomaji, nafasi imeisha. Mwenye kitu ndani ya nyumba kinachowagombanisha, kiwe kinatembea au kimesimama, aniandikie nasi tutakijadili bila kutaja jina la mtu. Kwa mlio kwenye baridi, vaeni soksi mbili na mshikiane ngazi. Kwa sisi wa huku kwenye joto, tuendelee kuoga mara tatu kwa siku. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa!